Highland Park na University Park: mnakaa tumboni mwa Dallas halafu mnasema hamuishi Dallas?

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Kwa wasioijua Dallas, jiji la jimbo la Texas huku Marekani: kaskazini kidogo ya maghorofa ya katikati ya jiji kuna miji miwili midogo imekaa kama kokwa ndani ya embe. Highland Park, watu hawafiki 9,000, na University Park, kama 25,000. Dallas yenye watu milioni 1.3 imewazunguka pande zote. Lakini wana meya wao, shule zao, polisi wao (na kule Highland Park polisi huyo huyo ndiye zimamoto, msiniulize). Kodi ya nyumba za mle haiingii hazina ya Jiji la Dallas hata senti.

Mimi nalea watoto kwenye nyumba moja ya kule, huu mwaka wa nne. Natoka kwangu Vickery Meadow, ndani ya Dallas, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nampakia dada mmoja wa Bukavu anayefanya usafi nyumba ya jirani, tunashuka na barabara ya Greenville, tunakata kulia Lovers Lane. Tukishavuka barabara kuu ya 75 tu, gari linanyamaza. Matairi yaliyokuwa yanagongagonga tangu nyumbani yanaanza kuteleza. Yule dada kila siku husema, "Haya, tumefika Ulaya." Mwendo wenyewe hata dakika 20 haufiki.

Sasa juzi mtoto, ana miaka 6, ananiuliza, "Dallas ni mbali?" Nikamwambia mwanangu, panda basi upande wowote utakaotaka, utashukia Dallas. Akacheka, akajua namtania. Nikamwangalia mama yake nikitegemea atamwelekeza. Naye, bila kuinua macho kwenye simu: "Sisi hatuishi Dallas, mpenzi." Mama huyo huyo nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni wa New York kwamba yeye ni mtu wa Dallas, kazaliwa Dallas!

Na msije na hoja ya historia, nimeitafuta. Mwaka 1913 Highland Park waliomba wenyewe kuingia Dallas, jiji likawakatalia, ndipo wakajiandikisha kuwa mji. University Park nao wakakataliwa na wote wawili, Highland Park na Dallas, maana kuwahudumia kungekula hela, wakajitegemea 1924. Hapo siwalaumu. Ila baadaye Dallas ikabadili mawazo ikawataka, na mwaka 1945 wakaichomolea kabisa. Preston Hollow, jirani zao wa kaskazini, wakaingia mwaka huo huo. Leo matajiri wa Preston Hollow, akiwemo rais mstaafu George W. Bush, wanakaa ndani ya jiji na hawajafa.

Linaloniuma zaidi ni shule. Mwaka 1971 jaji aliamuru baadhi ya wanafunzi wa Dallas wasafirishwe kwa mabasi ili weusi na weupe wasome pamoja. Amri ikaishia mpakani, kwa sababu Highland Park ni wilaya nyingine ya shule. Mtaa mmoja mtoto anapandishwa basi, mtaa wa pili mwenzake anatembea kwa miguu hadi shule ya kwao. Wazazi weupe wenye hela wakaona pa kukimbilia bila hata kuhama mjini. Bei za nyumba za mle mnadhani zinapandishwa na miti?

Najua kuna mjuaji atakuja na ile sheria ya Texas ya 1993 wanayoiita Robin Hood, inayochukua hela za wilaya tajiri za shule kusaidia zile maskini. Kweli, wilaya yao ya shule hukatwa mamilioni ya dola. Lakini zile zinaingia kapu la jimbo zima. Hazizibi shimo hata moja la barabara ninayopita mimi, na wao wanapita hiyo hiyo wakienda ofisini na uwanja wa ndege.

Nyumbani Dar tunawasema sana watu wa Masaki, kwa matajiri, na wanastahili, lakini angalau Masaki na Tandale ya uswahilini wote wako manispaa moja ya Kinondoni. Diwani wa Msasani, kata yenye Masaki, na wa Tandale wanagombania bajeti meza moja. Huku meza zenyewe ni tofauti.

Mlioko Houston, hao wa West University na Bellaire nao wana maringo haya haya? Na San Antonio, Alamo Heights vipi? Nijibuni, ila mwenye "rudi kwenu basi" apite kimya, leo sitaki mchezo.