Mjadala: Raia wa kawaida achunguze mauaji, au akae pembeni?

Wakuu, wengi mnataka raia wanaojipa kazi ya upelelezi wapigwe marufuku. Mimi napinga, ila kwa sharti moja: atafute mashahidi, asitafute muuaji.

Mwaka 1996 mwanafunzi Kristin Smart alitoweka San Luis Obispo, California, akirudi bwenini usiku kutoka kwenye sherehe. Paul Flores, aliyemsindikiza, alishukiwa tangu mwanzo, lakini miaka ikayoyoma bila kesi. Mwaka 2019 Chris Lambert, mwanamuziki wa eneo hilo, akaanzisha podikasti (kipindi cha sauti cha mtandaoni) kuhusu kutoweka kwake Kristin. Aliwafuata watu waliokaa na siri zao miaka yote, akawasikiliza, kisha akawahimiza waende polisi. Flores akakamatwa Aprili 2021, na Oktoba 2022 akapatikana na hatia ya mauaji. Mkuu wa polisi wa huko mwenyewe alikiri mchango wa Lambert.

Sasa tazameni Moscow, Idaho, huko huko Marekani, mji mdogo wa chuo uliokaa bila mauaji tangu 2015. Novemba 13, 2022 wanafunzi wanne waliuawa kwa kisu ndani ya nyumba moja. Wiki zikapita bila mtu kukamatwa, mitandao ikaanza kuteua wauaji: kijana aliyeonekana kwenye kamera karibu na gari la kuuza chakula, jirani, mpenzi wa zamani. Mpiga ramli wa karata aliyekuwa Texas akamtaja mhadhiri wa historia! Wote hawakuhusika. Aliyekamatwa Desemba 30 ni Bryan Kohberger, mwanafunzi wa uzamivu kutoka chuo cha jirani. DNA kwenye ala ya kisu na gari jeupe aina ya Hyundai Elantra ndivyo vilivyowaelekeza polisi kwake. Mwaka 2025 alikiri kosa. Yule mhadhiri ilibidi aende mahakamani kusafisha jina lake.

Mtasema hata Lambert alimtaja Flores. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yangu inapobanwa zaidi. Lakini Flores alikuwa ameshatajwa hadharani kama mshukiwa miaka mingi kabla. Lambert hakumtoa mtu gizani na kumtupia umati.

Wanasheria mliomo humu, nisaidieni: shahidi akishahojiwa na mtu wa podikasti kabla ya polisi, ushahidi wake unabaki na uzito gani mbele ya wakili wa utetezi?