Naomba ushauri: nitumie kipimo kipi cha hisa za Bumiputera Malaysia?

Wakuu, habari zenu. Naandaa somo kuhusu Sera Mpya ya Uchumi ya Malaysia ya 1971, iliyozaliwa na ghasia za kikabila za Mei 13, 1969. Lengo lilikuwa Bumiputera (yaani Wamalay na wenyeji wengine wa asili) wamiliki asilimia 30 ya hisa za makampuni ifikapo 1990. Takwimu rasmi: asilimia 2.4 mwaka 1970, asilimia 19.3 mwaka 1990.

Kinachonitatiza ni kipimo. Serikali ilihesabu thamani iliyoandikwa kwenye hisa, si bei ya soko. Hisa ya ringgit 1 inayouzwa ringgit 8 bado inahesabiwa 1! Halafu kuna hisa zilizosajiliwa kwa majina ya wawakilishi. Kabila la mwenyewe halijulikani.

Nishike takwimu rasmi kwa ulinganifu wa miaka, au bei ya soko? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.