Tupeane uzoefu: riwaya uliyoisoma ilipogeuzwa filamu

Wapenzi wa fasihi, naomba tupeane uzoefu kuhusu riwaya zinazogeuzwa filamu. Nafundisha katika shule moja ya upili hapa Kisumu, na mwaka mmoja tuliletewa filamu iliyoigizwa kutokana na riwaya teule. Tuliitazama katika bwalo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na hakuna mwanafunzi aliyetikisika hadi mwisho. Furaha yangu iliisha niliposahihisha mtihani wa majaribio: wanafunzi kumi na mmoja walieleza kwa ufasaha jinsi mhusika mkuu alivyopigwa sokoni mbele ya mamake, tukio ambalo kitabuni halimo hata kwa kudokezwa. Sikuweza kuwapa alama, na naumia hadi leo, kwa kuwa watoto wale walieleza walichokiona kwa macho yao. Ninyi yaliwakuta yapi?

Jibu kutoka Nakuru

Pole, Mwalimu. Mimi nilitangulia kuitazama The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyotokana na riwaya ya John le Carré, kisha nikakitafuta kitabu. Tangu ukurasa wa kwanza mhusika Tessa alikuwa na sura ya mwigizaji wake, Rachel Weisz, na sikuweza kumuumba wangu. Hata hivyo, sehemu za filamu hiyo zilipigwa picha Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na yale mabati yenye kutu yalinikaa moyoni kuliko maelezo yoyote niliyoyasoma.

Jibu kutoka Kakamega

Mwalimu, kikundi chetu cha vijana kiligeuza sura moja ya riwaya kuwa filamu fupi, baada ya mwandishi kutupa idhini kwa maandishi, maana kisheria haki hiyo ni yake, na baada ya kifo chake hubaki kwa warithi kwa miaka 50. Kilichotutoa jasho ni kurasa nne ambamo mjane anawaza tu, hasemi neno. Tulipomwekea sauti ya kusimulia, ilisikika kama taarifa ya habari. Mwishowe tulimwonyesha mvua ikianza, naye anatoka mbio barazani, anayaingiza mabuti ya marehemu na kuyapanga kando ya jiko yakauke. Mwandishi alipotazama alinyamaza kitambo, kisha akauliza mabuti tumeyatoa wapi, kwa kuwa yeye hakuyaandika. Kwa hiyo nasi tulitunga, Mwalimu, ila tulitunga ili kulibeba wazo ambalo tayari lilikuwa kitabuni. Tukio lile la sokoni lilibeba wazo gani?

Mwalimu, Kisumu

Swali lako limenigusa, ndugu yangu, kwani sikuwahi kuwauliza wanafunzi hivyo. Niliweka alama nyekundu ya kosa nikasonga mbele. Nitaomba mturuhusu kuionyesha filamu yenu muhula ujao. Watasoma kwanza zile kurasa nne, kila mmoja aandike angemwonyeshaje mjane yule bila kumpa neno la kusema, ndipo tuyatazame hayo mabuti.