Kipima mionzi kinalia kwenye mawe ya msingi, nijenge au niyarudishe?

FundiMbalizi: Habari zenu wakuu. Nimeshusha tripu ya mawe ya msingi hapa Mbalizi, yametoka upande wa Songwe, jirani na kilima cha Panda. Shemeji kaja na kipima mionzi alichoagiza mtandaoni. Uwanjani kinasoma 0.13 maikrosivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa saa, ukikigusisha kwenye mawe machache ya kahawia, mazito kuliko wenzake, kinafika 0.45 na kulia tik-tik-tik. Mama watoto kashasema nyumba hiyo haingii. Nisaidieni.

NdiziTukuyu: Kiweke kwenye mkungu wa ndizi, nazo zina mionzi 😂

MamaSampuli: Ndizi zina potasiamu-40 kweli, ila kidude hicho hakitaisikia, ni kidogo mno.

FundiMbalizi, nimebebea wajiolojia mifuko ya sampuli miaka mingi, hayo mawe hayanishangazi. Panda ina niobi, aina ya metali, na madini yenye niobi, yaitwayo pairokloa, hubeba toriamu na urani kidogo, ambazo hutoa mionzi. Hakuna aliyemwaga sumu, yalizaliwa hivyo.

Sasa pima vizuri. Acha namba inayorukaruka, kiache kitulie dakika kumi usome wastani. Kisha weka kifuniko cha sufuria ya alumini kati ya jiwe na kipimo. Vidude vingi vya bei nafuu vimesetiwa kwa mionzi ya gama, ile inayopenya sana; beta, ile dhaifu inayozuiwa na kifuniko, ikiingia vinaihesabu humo humo na namba inavimba. Halafu rudi nyuma mita moja, pima tena.

Hata hiyo 0.45, ukilikumbatia jiwe mwaka mzima usiku na mchana, ni kama milisivati 4 (milisivati moja ni maikrosivati elfu moja). Wastani wa binadamu duniani kutokana na asili ni 2.4 kwa mwaka, na karibu nusu yake ni radoni, gesi yenye mionzi. Hiyo ndiyo ya kuiwazia. Inatoka ardhini na kwenye mawe, inaingilia nyufa za sakafu, na kipimo chako hakiwezi kukuambia imejaa kiasi gani chumbani. Sisi Mbeya Juni na Julai tunafunga madirisha kwa baridi, basi sakafu imwagwe zege zito lisilo na nyufa, na uache matundu ya hewa juu ya madirisha.

Ya kahawia yatenge. Na vijana wasiyaponde kokoto, vumbi lake likiingia kifuani ni habari nyingine.

FundiMbalizi: Asante dada. Nilipoweka kifuniko imeshuka hadi 0.28, mita moja ni 0.14. Mama watoto kasoma mwenyewe, kakubali yale meupe tu. Dereva wa fuso ndiye hataki kuyabeba ya kahawia bila hela ya mafuta.

MamaSampuli: Mlipe. Kabla hajaondoka chukua kipande, uwaulize Tume ya Nguvu za Atomiki utaratibu wa kupima sampuli. Na asiyamwage kwa jirani anayejenga!