Mafundi mnaouza "hospawa" kwa kuzungusha skrubu ya pampu, mnaua injini za watu

Wakuu, huu uzi ni wa hasira. Atakayekwazika apite.

Siku hizi ukipeleka lori la Kichina la Howo gereji ukasema haivuti mlima, hujamaliza sentensi fundi ameshashika spana. Anakata lakiri (muhuri) ya pampu ya dizeli, anazungusha skrubu ya mafuta, anapiga resi mbili tatu, moshi mweusi unapanda hadi kwa jirani. "Hii sasa ni hospawa 420 hii." Umejuaje, fundi? Umepima na nini? Moshi mweusi si nguvu, ni dizeli iliyokosa hewa. Ni hela ya tajiri inatoka kwenye bomba bila kusukuma hata kokoto. Na kupiga resi gari limesimama hakuoneshi kitu, maana bila mzigo tabo (feni ya kusukuma hewa kwenye injini inayozungushwa na moshi) haijazi hewa ya maana.

Injini yenyewe ya Howo 371 ni WD615.47: lita 9.7, kilowati 273 kwenye mizunguko 2200 kwa dakika, ndizo hizo farasi (hospawa) 371. Nguvu ya kuzungusha ni Nm 1500 kati ya mizunguko 1100 na 1600. Kilo 1 ya dizeli ikitaka kuungua yote inahitaji kilo 14.5 hivi za hewa, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Ndani ya silinda mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika vizuri, kwa hiyo ukishuka chini ya kilo 20 hivi za hewa moshi unaanza. Unataka farasi 50 zaidi? Hizo ni karibu kilowati 37, kama lita 9 za dizeli za ziada kila saa ukiwa umekanyaga mwisho. Lita 9 hizo umeziletea hewa gani? Tabo ni ileile, intakula (kipoza hewa ya tabo) ni ileile tena imejaa matope, filta ya hewa ilipulizwa kwa kompresa mara nne.

Halafu gari mnalijaribu Dar, usawa wa bahari, mnapeana mikono. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu, na kule hewa imepungua karibu moja ya tano. Pampu ya reki (isiyo na kompyuta) haijui hilo, inamwaga mafuta yaleyale. Tabo inazunguka kupita kiasi ikijaribu kufidia, joto la ekzozi (moshi unaotoka kwenye injini) linapanda, na dereva haoni chochote kwa sababu geji ya dashibodi inasoma maji, haisomi moto. Pistoni ni ya aloi ya alumini. Joto kabla ya tabo likivuka nyuzi 700 za Selsiasi na kukaa hapo dakika kadhaa kwenye mlima kama Kitonga, kichwa cha pistoni kinaanza kulika, vali za ekzozi zinaungua, nyumba ya tabo inapasuka. Mafuta ya ziada nayo yanaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinaisha, dizeli inashuka kwenye sampu (bakuli la oili). Baada ya miezi mitatu injini inapumulia kwenye kifuniko cha oili, fundi yuleyule anasema "hizi za Kichina ndivyo zilivyo". Hapana. Wewe ndivyo ulivyo.

Kuna na wale wa kuwahisha taimingi (muda wa pampu kupuliza dizeli kwenye silinda). Gari linagonga kama cherehani bovu, wanaita "imechangamka". Mafuta yakiwahi kupita kiasi, presha ya silinda inafika kileleni pistoni bado inapanda. WD615 ina hedi (vifuniko vya silinda) sita, kila silinda na yake, kwa hiyo gasketi inakufa moja moja. Mnabadilisha ya silinda ya nne, taimingi mnaiacha ileile, wiki ijayo ya pili. Ukiona mapovu kwenye tangi la rejeta usiulize gasketi ilikuwa ya kampuni gani, uliza taimingi nani aliigusa.

Kwa magari ya kontroboksi (kompyuta ya injini) kuna kile kikopo kinachochomekwa kwenye waya wa sensa ya presha ya reli, lile bomba la dizeli yenye presha kubwa. Hakina akili yoyote: kinaidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, nayo inaipandisha. Nozeli na vali ya usalama ya reli ndizo zinazolipa.

Kinachouma zaidi ni kwamba mengi ya magari haya hayakuhitaji nguvu mpya. Yalipoteza ya kwao. Kabla ya kukata lakiri, angalia kijipaipu kinachotoka manifodi ya hewa hadi kile kikofia cha daiframu (ngozi ya mpira) juu ya gavana, kidhibiti mafuta cha pampu. Kikipasuka, au daiframu ikitoboka, pampu haipati habari kwamba tabo imejaza, inabana mafuta, na gari linakufa mlimani. Kijipaipu! Gari la mtu linamwagiwa mafuta kwa skrubu kwa sababu ya kijipaipu.

Mwambie mtu akanyage ekseleta hadi chini, wewe uko kwenye pampu: mkono wa pampu unafika kwenye stopa au unaishia njiani? Angalia kipepeo cha breki ya ekzozi kama kinafunguka chote, maana kikikwama nusu gari linavuta na kitambaa mdomoni. Intakula izibwe ncha zote mbili, na vizibo uvifunge kwa mnyororo visije vikatoa jicho la mtu. Jaza upepo psi 30, funga, hesabu sekunde 15. Ikishuka zaidi ya psi 5, inavuja. Nafasi za vali zipimwe injini ikiwa baridi, ya kuingiza 0.30 mm, ya kutoa 0.40 mm. Njia ya dizeli wekea mpira unaoonekana ndani. Mapovu yakipita, inavuta hewa. Na mafuta ya kuchakachua ni kesi nyingine, sitaki hata kuianza.

Yote hayo yakiwa sawa na bado gari haliridhishi mlimani, jiulize kama unachotaka ni farasi au ni mvuto. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano 4.22 ukiweka 4.80 unapata karibu asilimia 14 zaidi ya nguvu kwenye tairi kwa gia ileile, injini haijaguswa. Spidi ya juu inapungua kwa asilimia 12 hivi, sawa, lakini mwenye tani 56 anakimbilia wapi?

Ukilazimisha farasi, basi pampu ishuke, iende tesi benchi (mashine ya kupimia pampu), irudi na karatasi: sisi (cc za dizeli) ngapi kwa mapigo 1000 kwa kila elementi (sehemu ya pampu inayolisha silinda moja), tofauti kati yao isizidi asilimia 3 mafuta yakiwa kamili. Nozeli na tabo ziwe za seti moja na pampu hiyo, si nozeli za gari jingine kwa kuwa tundu ni kubwa. Pairomita (kipima joto la ekzozi) ifungwe kwenye manifodi kabla ya tabo. Ukiiweka baada ya tabo inasoma pungufu sana na kukupumbaza. Soma na kibati cha gia boksi: HW15710 inabeba Nm 1500, imeshafika mwisho kabla hujagusa kitu. HW19710 ina nafasi hadi 1900.

Sasa nyie wa skrubu, jibuni hapa bila matusi. Gari la mwisho mlilofungua, sisi ngapi kwa mapigo 1000, na joto la ekzozi lilisoma ngapi likiwa na mzigo mlimani? Nataka namba. Msinitumie video ya moshi.