Tupeane uzoefu: umejifunza nini cha kazini kwako kwa kumtazama msanii mkubwa jukwaani?

Mwalimu wa Jioni: Wakuu, jana redioni wamepiga wimbo wa zamani wa bendi ya Msondo nikakumbuka mbali. Nilipoanza ualimu nilikuwa naongea dakika 80 bila kumeza mate, darasa zima linasinzia. Jumapili moja shemeji akanipeleka Msondo. Mwimbaji wao Mzee Gurumo akaimba beti zake, akarudi nyuma, akakunja mikono, akawaachia wenzake. Alivyosogelea tena maiki, ukumbi ulishammisi! Kesho yake nikauliza swali darasani, nikanyamaza. Nyie je?

Sikinde Damu: Gurumo mmoja wa walioianzisha bendi yetu Mlimani Park, yaani Sikinde, 1978, ndiye huyo? Sema hivyo basi.

Baba Chemko: Kwenu alipita tu. Bendi ni ile ile, majina tu yalibadilika: NUTA Jazz ndiyo Juwata, ndiyo OTTU, ndiyo Msondo. Nyumbani kwake ni huku.

Nesi wa Unguja: Mie ni bibi yetu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, Ngome Kongwe, usiku wa tamasha la Sauti za Busara. Watu wanapiga kelele, yeye hana haraka. Anaiweka ngoma yake sawa kwanza, anaipapasa, ndipo anaanza. Nami tangu hapo simchomi mtoto sindano kabla sijakaa, nikapanga vyangu, mikono ikatulia. Mtoto anaijua mikono yenye wasiwasi.

Kibarua: Kweli kabisa.

MC Mstaafu: Nyie mmejifunza kwa raha. Mimi harusi ya kwanza kubwa, Temeke, watu kama 300. Nikashika maiki: "Tumkaribishe bwana harusi wetu, Hamisi!" Ukumbi kimya. Bwana harusi haitwi Hamisi. Hamisi ni wa Jumamosi iliyopita, karatasi ilibaki mfukoni. Hapo ningekaa kimya ningepona. Nikaanza kujitetea, "samahani, majina yanafanana", mara shangazi mmoja akasimama: "Hayafanani! Huyo Hamisi nani kakutuma umtaje?" Kumbe bibi harusi aliwahi kuposwa na Hamisi mwingine, mahari ikarudishwa. Wallahi sikujua! Bwana harusi akavua koti. Mimi bado naongea tu.

Mwezi uliofuata mke wangu akanivuta kwenye taarabu ya Khadija Kopa. Mmoja anamtunza, mwingine anamchezea puani, wa tatu kamning'inia shingoni, na beti haiyumbi hata neno. Noti anapokea, anatabasamu, anaendelea. Nikasema loh, mimi karatasi moja tu ilinimaliza.

Dada wa Saluni: Subiri kwanza. Koti alivua ili iweje?

Baba Chemko: Ndoa ilifungwa?

Kibarua: MC usitutoroke.

Mwalimu wa Jioni: Jamani mada ni mafunzo ya kazi…

Dada wa Saluni: Mwalimu, si ulisema umejifunza kunyamaza?

Sikinde Damu: Ushauri wa bure: andika majina kiganjani.

Fundi Majokofu: Kiganjani jasho litafuta. Mwite "bwana harusi" usiku kucha, nani atakulaumu?

Nesi wa Unguja: Majina muulize mama mzazi, mlangoni, kabla hujagusa maiki. Kamati haijui kitu.

Fundi Majokofu: Mama mzazi siku hiyo mwenyewe hajui anaitwa nani.

Sikinde Damu: Halafu Baba Chemko, hata Mzee Gurumo alipong'atuka 2013 sisi Sikinde tulilia vilevile. Usitubague.

Baba Chemko: Kulia mlilia. Mwaka uliofuata kumzika tulikuwa wote, hapo sibishani.

MC Mstaafu: Nimerudi, nilikuwa kwenye daladala. Ndoa ilikuwa imeshafungwa mchana msikitini, ile ilikuwa tafrija tu. Koti alivua kwa joto, feni zilikuwa mbovu. Wapo, wana watoto watatu. Nusu ya malipo yangu ndiyo sijaiona mpaka leo.

Dada wa Saluni: Na mtoto wa kwanza anaitwa nani?

MC Mstaafu: Dada, niache.