Vita vya Kagera: je, ingetosha kumrudisha Amin ng'ambo ya mpaka?

Mwalimu wa Kayole:
Wanajukwaa, salaam. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wana mdahalo Ijumaa, na hoja waliyopewa ni kwamba nchi ina haki ya kuingia vitani ili kumwondoa dikteta wa nchi nyingine. Wote walikuwa wamekimbilia Iraki ya 2003, nami nikawaambia waanzie kwa majirani zetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania, daraja la Kyaka likavunjwa, naye akatangaza kwamba eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera sasa ni la Uganda. Hapo sina tatizo, kwa kuwa mtu akikuingilia nyumbani unamtoa. Kinachonisumbua ni kwamba hata baada ya ardhi hiyo kukombolewa, Watanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, waliendelea hadi Masaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sehemu hiyo ya pili ilikuwa na uhalali gani?

Wakili Mstaafu:
Mwalimu, kisheria umeuliza mahali penyewe. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu nchi kujilinda inaposhambuliwa, lakini haisemi kwamba kujilinda ni kubadilisha serikali ya jirani. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mnamo Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimlaumu Nyerere waziwazi kwa sababu hiyo. Hata hivyo, lawama ile hainiingii akilini sana, kwa maana umoja huohuo ulikuwa umekutana Kampala mwaka 1975 na kumfanya Amin mwenyekiti wake, wakati watu wake wakiuawa, na Nyerere akasusia. Kanuni ya kutoingiliana ilikuwa inawakinga marais zaidi ya raia. Leo Ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuasisi Umoja wa Afrika inaruhusu kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu, ila uamuzi ni wa mkutano wa wakuu wa nchi, si wa jirani mmoja aliyekasirika.

Mzee wa Buruburu:
Mnasahau kwamba hata sisi tulichokozwa. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu kilomita 32 kutoka hapa Nairobi, lakini Kenyatta hakupeleka jeshi Kampala. Uganda haina bahari, na mwezi Julai, baada ya Waisraeli kushambulia uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka, wakisaidiwa na Kenya, mafuta yake yakazuiwa huku kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori la mafuta. Alizuiwa Malaba, mpakani, akiwa na tangi limejaa, akatandika turubai chini ya lori na kukaa hapo majuma kadhaa, akipikia ugali kwenye jiko la makaa hatua chache tu kutoka kwenye petroli, jambo ambalo mama hakuacha kumkaripia mpaka alipofariki. Mwezi wa Agosti yakafikiwa maelewano. Risasi haikuhitajika.

Binti wa Bukoba (naishi South B):
Shikamoo Mzee. Naheshimu maneno yako, lakini maelewano hayo yalimwacha Amin madarakani karibu miaka mitatu zaidi, na Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa kwa kulipiza kisasi cha Entebbe. Bibi yangu alivuka Kagera kwa mtumbwi akiwa na watoto wawili na cherehani, na aliporudi alikuta hata mabati ya paa yameng'olewa. Ukimwambia kwamba ingetosha kumsukuma Amin hadi mpakani Mutukula, atakuuliza ni nani angelala usingizi akijua yuko ng'ambo ile akijipanga upya.

Hata hivyo, vita vile tulivilipia. Nyerere alitutaka tujifunge mkanda miezi 18, na bibi husema mkanda wenyewe haukufunguliwa, kwa kuwa foleni ya sabuni na sukari ilidumu miaka. Wala Uganda haikutulia: Lule alitawala siku 68, akaja Binaisa, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, yule aliyepinduliwa na Amin, ukazua vita vya msituni na maafa ya Luwero. Mimi naona kuvuka mpaka kulikuwa haki. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mkutano wa siku chache wa Waganda wa uhamishoni pale Moshi, Machi 1979, ulitosha kuandaa serikali ya watu waliokuwa hawaaminiani.

Mwalimu wa Kayole:
Ahsanteni. Nitaigawa hoja mara mbili, kumwondoa dikteta na kuijenga nchi aliyoiacha, ili wasijifiche nyuma ya sehemu moja. Mzee, kwani yale mafuta yalirudishwa Mombasa?

Mzee wa Buruburu:
La. Njia ilipofunguliwa, baba aliwasha injini akayapeleka Kampala.